Tupeane uzoefu: globu, oili na visevisi vidogo vilivyotutoa jasho, wenye magari Tanga

Mtoto wa Duga
Wakuu salaam. Juzi usiku nimesimamishwa karibu na Kange, natoka Pongwe kumrudisha mgonjwa. Afande kamulika mbele ya gari, kaja dirishani taratibu, kasema, "Kijana, gari lako chongo." Nikajifanya nashangaa. Nishangae nini, na ile globu ya kushoto nimeibadilisha Jumamosi? Na Jumamosi ya kabla yake vilevile. Hii ni ya nne tangu Idi. Kaniandikia elfu thelathini, kanipa na pole.

Gari ni Probox, globu H4, ile ya vidole vitatu, dim na full humo humo. Fundi wa kwanza kasema nanunua globu rahisi. Wa pili kasema ni chumvi ya bahari. Jirani yangu yeye kasema kuna mtu ananichezea.

Sasa nimekaa nikajiuliza, ni mimi peke yangu? Semeni na nyie, kitu gani kidogo cha sevisi kimewahi kukutoa jasho? Globu, oili, filta, maji ya rejeta, chochote. Ila tusichekane.

Kijiwe cha Kumi na Sita
Tutacheka kwanza, ushauri baadaye.

Bi Mkonge
Umenikumbusha. Mimi nilikuwa na Vitz, taa ya nyuma kulia imekufa. Nikasema globu tu hii, nimwite fundi wa nini? Nikafungua buti, nikazungusha soketi, nikatoa ya zamani, nikaweka mpya. Ikagoma kuingia. Nikailazimisha. Nikaisukuma hadi kidole gumba kikawa chekundu, ikaingia, nikajipongeza.

Wiki nzima watu wananipigia honi nyuma usiku. Mimi natukana tu kimoyomoyo. Siku moja kaka wa bodaboda kanifuata hadi getini Chumbageni, kaniambia, "Dada, wewe mguu hautoki kwenye breki?" Kumbe nikiwasha taa ndogo, ile ya kulia inawaka kali kama nimeshika breki, na nikishika breki inawaka kahafifu.

Ile globu ina nyuzi mbili ndani, moja ya taa ndogo, moja ya breki. Ukiitazama vizuri kiunoni, vile vipini viwili havikai kimo kimoja, kimoja kiko juu kidogo. Vimewekwa hivyo makusudi ili usigeuze. Mimi niligeuza kwa nguvu za kina mama.

Nanga
Bi Mkonge 😂😂 na wewe ulikuwa unawatukana wenzio.

Bi Mkonge
Niliwaomba radhi kwa pamoja, sikuwajua majina.

Fundi Pembeni
Mtoto wa Duga, swali moja. Hiyo globu unaishika wapi ukiwa unaifunga? Globu za halojeni kioo chake hakitaki kidole. Mkono una mafuta hata kama umenawa. Taa ikipata moto, pale penye alama ya kidole panachemka kuliko pengine, globu inakufa mapema. Shika kwenye bati la chini, au tumia kitambaa safi.

Mtoto wa Duga
Fundi, mimi natumia kanga ya mke wangu.

Bi Mkonge
Kanga ya jikoni? Hiyo ina mafuta kuliko mkono wako.

Mtoto wa Duga
...

Dereva wa Horohoro
Mimi ni filta ya oili. Nilikuwa na Noah ya abiria. Fundi kafungua filta ya zamani, kafunga mpya, kamimina oili, tumewasha, safi. Nimetoka zangu. Sijafika mbali, ile taa nyekundu ya birika, ya presha ya oili, ikawaka kwenye dashibodi. Nikasema labda ni waya. Abiria mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyesema, "Baba, hiyo inamaanisha simama." Nikasimama. Nyuma yetu barabarani kuna mstari mweusi kama mtu kapiga chapa.

Mpira wa filta ya zamani ulibaki umeng'ang'ania kwenye injini. Fundi hakuutazama, kafunga filta mpya na mpira wake juu ya ule. Mipira miwili haikai, presha ikija inachomoka. Yule mama ndiye aliyeniokolea injini, ningefika nayo Horohoro ningefika na chuma chakavu.

Tangu siku ile filta ya zamani ikitoka naomba niione. Kama mpira wake haupo, nauliza uko wapi.

Chungwa la Muheza
Yalinikuta kama yako, ila mimi hakukuwa na mama wa makamo.

Mzee wa Dizeli
Vijana, shida yenu ni moja, mnatia oili nyepesi kama chai ya rangi. Tanga hii jua la saa saba linakaanga yai juu ya boneti. Tieni 20W-50 mlale usingizi. Mimi nimeendesha miaka thelathini, sijawahi kufungua injini.

Nanga
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo napinga. Wewe gari lako ni Land Cruiser la dizeli la zamani. Huyu ana Probox, na injini yake ilitengenezwa kwa 5W-30. Ile namba ya mbele yenye W ni ya baridi, W ni majira ya baridi ya kwao. Ya pili ndiyo ya injini ikishapata moto. Sasa injini ikishachemka, Tanga na Lushoto zinafanana humo ndani, rejeta na themostati ndiyo kazi yake.

Mzee wa Dizeli
Marahaba. Oili ikiwa nzito inashika chuma. Haihitaji shule.

Nanga
Na njia za oili kwenye hizi injini za Toyota za VVT-i ni nyembamba mzee. Oili nzito inachelewa kupanda juu asubuhi. Ile "kata kata kata" unayoisikia ukiwasha ni chuma kinasubiri oili.

Mzee wa Dizeli
Mimi yangu haisemi kata kata.

Kijiwe cha Kumi na Sita
Mzee yako dizeli, inasema kata kata hata ikiwa nzima.

Fundi Pembeni
Msigombane. Fungueni boneti, tazameni kifuniko cha kumiminia oili, magari mengi ya Toyota yameandikwa pale pale juu. Kama injini imechoka na inakula oili, ukapanda kidogo, 10W-40, sikukatazi. Lakini kumuwekea mtu oili nzito kwa sababu jua kali, hapana. Na hiyo Probox inameza lita 3.7 hivi ukibadilisha na filta. Watu wanamimina dumu zima la lita nne kwa sababu wamelinunua. Lisiishe! Kijiti cha kupimia oili ndicho kinachosema basi.

Chungwa la Muheza
Na dumu likiisha litoboeni kabla ya kutupa. Mimi nilikuta dumu langu mwenyewe, lenye alama niliyoiandika kwa wino, linauzwa "jipya". Siku hizi natoboa mbele ya fundi. Oili chafu nayo nabeba nyumbani, napaka nguzo za banda la kuku, mchwa hawana hamu.

Pweza Mkavu
Mnaongea globu na kanga. Naomba mninyamazie kidogo, hili jambo nilikuwa nimelizika, mmelifukua.

Mwaka 2021, siku ya Ijumaa. Babu yetu kafariki Korogwe, maziko kesho yake saa nne asubuhi. Kwenye ukoo mwenye gari ni mimi, Subaru Forester, otomatiki. Nikasema safari ya usiku na watu wazima ndani, acha nimwage oili kabisa kabla ya kutoka. Gereji siitaji, mwenyewe bado tunasalimiana. Nikaacha gari nikaenda kuswali. Fundi mkubwa naye kaenda kuswali. Kabaki kijana wa kazi.

Narudi, kijana kashamaliza, anafuta mikono. Karai liko chini ya gari bado. Nikalitazama. Wallahi nililitazama kwa macho yangu haya. Oili imekaa wekundu-wekundu, kama juisi ya rozela iliyolala. Nikamuuliza, mbona si nyeusi? Kanijibu, "Bosi, gari yako unaitunza." Kichwa kikavimba. Nikampa na elfu mbili ya soda.

Wenye Subaru mmeshajua mwisho. Haikuwa oili ya injini ile. Kijana kaingia uvunguni, kakuta nati, kafungua. Nati ya gia boksi. Kamwaga ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, kafunga vizuri sana, kapanda juu, kamimina lita nne mpya kwenye injini iliyokuwa na oili yake yote ya zamani.

Tukatoka saa mbili usiku. Mbele shangazi. Nyuma mama na binamu zangu wawili, na miguuni kwao sufuria la pilau limefungwa kitambaa, la watu wa mkesha. Hadi Pongwe gari tamu. Kupita Pongwe naona kwenye kioo moshi unatufuata. Shangazi kasema ni vumbi. Vumbi kwenye lami?

Tukapita Muheza. Hapo ndipo gari ilipoanza kunidai. Nakanyaga, mshale wa mizunguko unapanda hadi elfu nne, gari yenyewe inakwenda mwendo wa baiskeli. Na sisi watu wa Tanga baiskeli tunazijua, za kwetu zilikuwa na heri usiku ule. Shangazi kaanza Yasini. Mama kasema, "Yasini ya nini, nani kafa humu?" Shangazi kasema, "Naisomea gari."

Kabla ya Hale ikagoma. Injini inaunguruma, gia iko D, gari imetulia kama nyumba. Harufu ya kuungua, na juu yake harufu ya pilau. Mpaka leo nikinusa hiliki naona lile giza.

Katokea mzee mmoja na baiskeli, anasema zamani alikuwa upande wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge. Hakuuliza hata tunakwenda wapi. Kafungua boneti, kaomba tochi ya simu. Kavuta kijiti cha oili ya injini, kakifuta kwa jani, kakirudisha, kakivuta tena. Oili imepita alama ya juu, imepanda huko kwenye kijiti ambako hakuna alama tena. Kanyamaza. Kavuta kijiti cha gia boksi. Kikavu. Kanimulika usoni, kasema, "Mwanangu, huyu mmemnywesha wa kwake na wa mwenziwe."

Mama alipanda basi alfajiri, aliwahi. Mimi, mjukuu mkubwa, saa nne niko Hale nasubiri gari la kunivuta. Babu kazikwa sijamtia udongo. Gia boksi ya mtumba kutoka Dar, na kuifunga, ilinitoka milioni moja na laki nane. Oili niliyokuwa nabadilisha ilikuwa ya elfu hamsini na tano.

Bi Mkonge
Innalillahi. Pole sana kaka. Hilo la kutomtia udongo babu ndilo linalouma, gari ni chuma.

Kijiwe cha Kumi na Sita
Pole sana mkuu, kwa dhati kabisa. Pilau iliishia wapi?

Nanga
We Kijiwe una roho ya jiwe kweli.

Chungwa la Muheza
Samahanini, nami nilikuwa nataka kuuliza la pilau nikaona haya.

Dereva wa Horohoro
Mimi nataka kujua la yule kijana. Alilipa?

Pweza Mkavu
Kijana atalipa na nini? Mwenye gereji alinilipa laki sita kwa mafungu. La mwisho alinilipa kwa kunifungia breki pedi bure. Nikasema yaishe.

Tozi wa Sahare
Hii hadithi ina chumvi. Subaru iliyomwagwa ATF ingetokaje hata hapo gereji? Mpaka Muheza? Tusidanganyane.

Pweza Mkavu
Njoo Makorora nikuoneshe gia boksi iliyokufa, iko uani kuku wanalalia.

Fundi Pembeni
Tozi, inawezekana kabisa. Gia boksi ya otomatiki ukifungua nati ya chini haimwagiki yote. Kwenye hizo Subaru inatoka kama nusu tu, nyingine inabaki kwenye konveta na mabombani. Kwa hiyo gari itatembea, hasa ikiwa ya baridi. Ikipata moto na ikikutana na mwinuko, pampu inameza hewa, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Na injini iliyojazwa mara mbili inapigapiga oili hadi inatoa povu, moshi ndio huo alioita vumbi shangazi. Hata ningekuwa mimi nimetumwa kuitunga, nisingeitunga vizuri hivyo.

Tozi wa Sahare
Sawa, nimerudi nyuma. Lakini kosa ni la mwenye gari pia. Oili nyekundu umeiona, ukanunuliwa kwa sifa.

Bi Mkonge
Acha kumkanyaga aliyeanguka. Wewe ungekuwa msibani ungetazama karai?

Tozi wa Sahare
Ningetazama. Mimi fundi akiwa uvunguni na mimi niko uvunguni.

Kijiwe cha Kumi na Sita
Ndiyo maana mashati yako yote yana mafuta.

Mzee wa Dizeli
Ingekuwa gari la gia za mkono lisingekufa. Nauza Land Cruiser langu, anayetaka anione.

Dereva wa Horohoro
Mzee si umesema hujawahi kufungua injini? Unauza ya nini?

Mzee wa Dizeli
Nahitaji hela.

Binti Raskazone
Samahanini naingia katikati. Mimi niliweka taa za LED kwenye indiketa, zile za kupendeza. Sasa zinapepesa haraka haraka kama zinafukuzwa. Ni hatari?

Nanga
LED inakula umeme mdogo, gari linadhani globu imeungua, ndiyo linakupepesea haraka. Rudisha za kawaida, au badilisha flasha, kile kidude kinachopepesesha taa, iwe ya LED. Mbele kwenye taa kubwa usije ukaweka LED kwenye tundu la H4 la kawaida. Mwanga unatawanyika, sisi tunaokuja mbele yako hatuoni kitu. Njia ya Pangani usiku kuna watu wanatuua kwa hizo taa zao za buluu.

Tozi wa Sahare
Mimi ninazo na sijaua mtu.

Nanga
Ni wewe basi!! Gari jeupe?

Tozi wa Sahare
Hapana. Fedha.

Chungwa la Muheza
Tukiwa hapo hapo kwenye maji na chumvi: msijaze rejeta maji ya kisima. Ndugu yangu anakaa karibu na bahari, kisima chake ukionja ni supu. Kajaza miezi, rejeta ikawa inatoa tope la kutu kama uji wa ulezi. Kulenti, maji maalumu ya rejeta, ni ghali, sawa, lakini rejeta na gasketi ya kichwa ni ghali zaidi.

Fundi Pembeni
Turudi kwa mwenye uzi, tumemsahau na chongo lake. Mtoto wa Duga, globu nne kwa muda mfupi siyo kidole peke yake, na siyo jini. Fanya vitu viwili. Chomoa soketi ya taa, tazama vidole vyake: kama vina ukoko wa kijani au plastiki imeyeyuka, hapo ndipo chumvi ilipokukalia. Pili, tafuta mita ya umeme. Washa gari, pima kwenye betri, gari likiwa linanguruma. Ikikupa kati ya volti 13.5 na 14.5, shukuru. Ikipita 15, altaneta inakuchajia kupita kiasi, na globu hazina pa kukimbilia.

Mtoto wa Duga
Betri nayo naona maji yanakauka haraka. Naongeza kila mara.

Fundi Pembeni
Mkuu ungeanza na hilo. Kapime leo.

Kijiwe cha Kumi na Sita
Jirani aliyesema kuna mtu anakuchezea, kumbe ni altaneta.

Mtoto wa Duga
Wakuu, mrejesho. Nimepima kwa jamaa wa umeme wa magari pale Ngamiani. 15.8. Jamaa kasema regyuleta, ile inayozuia chaji isizidi, imekufa, kafungua altaneta, kaweka nyingine, sasa inasoma 14.2 hata nikikanyaga mafuta. Soketi ya kushoto nayo ilikuwa ya kijani kama kashata ya pistachio, ameikata kaweka mpya. Nimelipa elfu sitini na tano yote. Kabla sijaondoka, globu ya kulia ikazima. Nimeibadilisha hapo hapo, kwa kitambaa kipya, siyo kanga.

Bi Mkonge
Kanga mrudishie mwenyewe ikiwa imefuliwa.

Mzee wa Dizeli
Na oili ulitia gani?

Mtoto wa Duga
5W-30 mzee wangu. Kifuniko kimesema.

Mzee wa Dizeli
Kifuniko hakijawahi kuishi Tanga.

Pweza Mkavu
Jamani, nimempigia shangazi, naye kacheka kwa mara ya kwanza tangu ule msiba. Kasema niwajibu watu wa pilau. Mzee wa baiskeli alikula sahani yake pale pale gizani. Lililobaki mama alipanda nalo basi, mapajani, hadi Korogwe, likaliwa baridi baada ya maziko. Sufuria ndilo halijarudi mpaka leo, na lilikuwa la kuazima.